Machela Iliyotoka Darini Bila Mgonjwa

"Hiyo machela haishuki hapa mtu akiwa mzima, nimeshasema!" Eliwaza alikuwa amesimama katikati ya jiko lake, mwiko mkononi, makande yakichemka nyuma yake bila mtu wa kuyageuza. "Ikishuka, imeshuka kwa ajili ya mgonjwa au maiti. Wewe ni yupi kati ya hao?"

"Mimi ni mume wako," Sifael alijibu, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu vya mkewe.

"Basi kaa kama mume. Mume halali kwenye machela."

"Si kulala, mama. Ni kuegemea."

"Muulize shemeji yako hapo kama kuna tofauti!"

Shemeji ni mimi. Nilikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, nachambua maharage na kujifanya sisikii, na kusema kweli nilikuwa nafaidi. Kaka yake Sifael ndiye aliyenioa. Tangu afariki naishi nyumba ya pili uani hapohapo, na sina redio nyingine zaidi ya hawa wawili.

"Tofauti ipo," nikasema. "Anayelala anakoroma. Anayeegemea anakoroma halafu anasingizia hakulala."

Beatrice akacheka, akaziba mdomo haraka. Huyu ni mjukuu wa Sifael, mwalimu wa sekondari kule Same mjini, na ndiye aliyetuletea fujo yote hiyo. Alikuwa amekumbatia darubini ya macho mawili kama mtoto mchanga. Aliiazima kwa rafiki yake mmoja anayetembeza watalii Mkomazi.

"Bibi, ni siku tatu tu," alimwambia Eliwaza. "Jumatatu naondoka nayo na basi la alfajiri."

"Na hiyo nyota yenu haiwezi kungoja?"

"Si nyota, bibi. Na haiwezi kungoja."

Waacheni wabishane kidogo, niwaambie kwanza huyu Sifael ni nani.

Ujana wake Sifael alilima tangawizi na kulinda ndiva, lile bwawa letu la mlimani tunalolijaza maji usiku ili asubuhi tuyafungulie mashamba kwa zamu. Hakuwa mtu wa makuu. Siku moja alipanda mfenesi wa baba yake kuchuma fenesi, na mti ule ulikuwa mrefu kiasi kwamba alipoanza kuanguka tulipata muda wa kumuuliza anakwenda wapi. Fenesi lilitangulia, likatua kwenye majani ya migomba, salama kabisa. Yeye akatua kwenye jiwe. Jiwe lile lipo hadi leo, lina ufa. Na ukisema ufa ule ulikuwepo tangu zamani, basi wewe umehamia juzi.

Hakukuwa na barabara ya gari wakati ule. Likapulizwa baragumu, lile la kuwaitia watu msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na watu wakatoka majumbani mwao wengine na tonge mkononi. Wakamlaza Sifael kwenye machela, miti miwili na kamba za katani, wakaanza kumteremsha kwenda hospitali Gonja. Upande wa kichwani alishika Elirehema. Huyo alikuwa na mabega ambayo yangeweza kubeba mlango wa kanisa huku mchungaji amesimama katikati yake. Eliwaza, bibi harusi wa juzijuzi, alitangulia na taa ya chemli.

Sifael alikuwa anataka kulala, na wote tulijua akilala haamki. Elirehema akamwinamia, akamwambia, "Sifael, usifumbe macho. Chagua nyota moja uishike. Ukiiachia, na mimi nakuachia hapahapa kwenye korongo."

Sifael akachagua ndogo. Baadaye nilimuuliza kwa nini, akasema zile kubwa aliona zina wenyewe. Akaishika ile ndogo, kona baada ya kona, Elirehema akimuuliza "Ipo?" naye akijibu "Ipo," hadi wakafika tambarare na mwanamke mmoja mwenye gauni jeupe akawafungulia geti.

Akapona. Kila kitu kilipona isipokuwa shingo. Shingo ilikaza kama msumari kwenye mninga, haigeuki juu. Tangu siku ile Sifael anaangalia mbele na chini, basi. Anatujua kwa miguu. Ukimsalimia hajibu kwanza, anashusha macho kwenye visigino vyako, halafu anasema, "Marahaba, Jenifer, umeshaacha kuvaa vile viatu vya marehemu mama yako?" Kuna mwizi wa kuku alikamatwa hapa kwetu kwa sababu Sifael alizijua kucha zake ibadani, wakati wa kutoa sadaka.

Machela ile aliiomba aitunze yeye. Inakaa darini kwao, jikoni, moshi uizuie isiliwe na wadudu. Kila msimu anaipaka mafuta na kubadilisha kamba. Wanawake wangapi wamepelekwa Gonja kujifungua juu ya kamba zake, sijui, mimi sikusoma, lakini nusu ya vijana wa mlima huu wamelala kwenye mafundo ya Sifael kabla ya kulala kwenye kitanda cha mama zao. Na shukrani zake, wee! Akibariki chakula anawataja waliombeba, mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, na taa pia anaitaja. Amina inafika ugali umeshakuwa jiwe. Eliwaza alimwambia awashukuru walio hai mchana na waliokufa usiku, na kwa mpango huo tumekuwa tukila vya moto.

Anayemtaja wa kwanza siku zote ni Elirehema. Lakini Elirehema alishahamia Kihurio, kwa mwanawe anayelima mpunga. Magoti yake yamekataa mlima, na mgongo wa Sifael umekataa gari. Miaka imepita hawajaonana. Simu wanapigiana, ila wote wawili wanapiga kelele kwa wakati mmoja, na wakimaliza kila mmoja anatuuliza sisi mwenzake amesema nini.

Sasa huyo Beatrice akaja Ijumaa ile, mwezi wa kumi, na darubini yake.

"Babu," alisema, "kuna kitu kinaitwa Seresi. Ni sayari kibete."

Nikamwambia asianze matusi. Mimi mwenyewe nikisimama kwenye mahindi ya mwezi mmoja hamnioni, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo akabaki na amani.

"Si tusi, bibi. Inalizunguka jua kama dunia yetu, ila ni ndogo mno, ndogo hata kuliko mwezi. Kwa macho matupu huioni. Kwa hii unaiona, lakini si kila wakati."

"Wakati gani sasa?" Sifael aliuliza.

Beatrice akafikiri, halafu akalisema vizuri, nami nikajua hatukupoteza ada. "Chukulia wanawake wawili wanazunguka mlima Shengena. Mmoja anapita njia ya ndani, fupi, anatembea haraka. Huyo ni sisi. Mwingine anapita njia ya nje, ndefu, polepole. Huyo ni Seresi. Muda mwingi mlima uko kati yao au wako mbalimbali. Lakini wa ndani akimfikia wa nje wakawa upande mmoja, hapo wanaweza kusalimiana. Tumemfikia mwanzoni mwa mwezi huu. Kuanzia hapa tunamwacha nyuma, anafifia, na vuli ikianza mawingu yanafunga. Nafasi nzuri kama hii tena ni mwanzoni mwa elfu mbili ishirini na saba."

"Na ndiyo hiyo moja tu ndogo?"

"Zipo nyingine. Pluto, kwa mfano, wakati wake mzuri ni mwezi wa saba, kila mwaka. Lakini hiyo inataka darubini nene kama pipa. Zilizobaki ziko mbali zaidi ya hapo. Kwa uwezo wetu sisi ni Seresi."

Sifael akaangalia kivuli cha kikombe chake. Kisha akasema, "Mimi nilipitishwa korongoni na ndogo, na sikupata kuitazama tena nikaishukuru. Hii ndogo nataka kuiona. Nikiipata, wa kwanza kumwambia ni Elirehema."

Basi. Mtu ambaye hajaomba kitu tangu alipoomba machela ameomba kitu. Tukaanza kuhangaika.

Jioni ileile tukajaribu kiti. Tulikiegemeza ukutani, kikateleza, na Sifael akashukuru kwamba ameangukia gunia. Tukajaribu mkeka. Kulala alilala vizuri, kumuinua ndiyo ilikuwa kesi: mimi, Beatrice na beberu, na aliyefanya kazi ni beberu, maana alimpiga pembe. Sifael akapata wazo lake mwenyewe. Akaenda ndivani, akasimama ukingoni na darubini, akaitazama mbingu ndani ya maji! Alirudi anasema ameiona, kijani, na inapumua.

"Huyo ni chura, babu," Beatrice alisema. "Maji yanakula mwanga. Zinabaki zile kubwa tu, ndogo zote zinazama."

Hapo ndipo Sifael akainua mkono, kwa kuwa shingo haiwezi, akanyoosha kidole darini. Na hapo ndipo mliponikuta nachambua maharage.

"Sitaki," Eliwaza alisema tena, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Nyie wengine mnasimulia mkicheka. Mimi ndiye niliyeshika taa. Kila nikigeuka kumulika naona uso wake unavyoisha rangi. Hadi leo nikiipita hiyo machela nasikia baragumu."

Nikaweka maharage yangu chini.

Sifael akasogea hadi vidole vyake vikagusana na vya mkewe. "Mimi nikiiona nawaona waliotoka kitandani kwa ajili yangu," alisema. "Na mbele yao naona taa. Sikuwahi kukuona wewe, mama. Niliona taa tu, inatingishika, haizimiki. Nataka nilale palepale nikiwa mzima, nione kulikuwa na nini kingine."

Makande yakaanza kuungua. Eliwaza akageuka, akayasukasuka, akajifuta macho, akasema ni moshi. Halafu: "Nyuma ya nyumba. Mtu asione. Na upande wa miguuni nashika mimi."

Tukaishusha. Tukaweka kichwa cha machela juu ya kisiki na miguu chini, kuelekea mashariki, ili ainuke kidogo kama mgonjwa anayelishwa. Sifael akapanda mwenyewe. Akalala. Ilikuwa saa mbili, anga limefagiliwa safi, nasi tukangoja aseme kitu.

Tuliona kifua kikipanda na kushuka. Eliwaza akamshika kidole cha mguu. "Unaumwa?"

"Zipo zote," Sifael alisema. "Nilidhani labda zimepungua."

Beatrice akamwekea darubini. "Tafuta ile inayong'aa kwa utulivu, haipepesi. Hiyo ni Zohali. Sasa teremka, uelekee kulia, polepole. Umeona vijinyota vingi vidogo?"

"Ni kama mtu amemwaga mtama."

"Kimoja kati ya hivyo ni Seresi."

"Kipi?"

"Hapo ndipo kazi. Vyote vinafanana. Tofauti ni moja: nyota zitakaa pale pale, ila yenyewe itasogea. Leo tunaweka alama, tunaangalia tena kesho na kesho kutwa. Kitakachohama ndicho."

Nikakimbilia ungo wangu. Sifael akawa anataja kutoka machelani, Beatrice anachungulia kuhakikisha, mimi naweka maharage: hapa moja, hapa mawili yamekaribiana, hapa matatu kama mafiga. Mbingu nzima ya upande ule niliipanga kwenye ungo kwa mkono huu, na ikabaki nafasi ya kupeta. Tukaufunika kwa kanga, tukauweka juu ya meza ya Eliwaza, na kuku wote wakafungiwa.

Jumamosi ukungu ukashuka kutoka Shengena, mzito, ukigonga mlango unaingia wenyewe. Hatukuona hata mkono. Sifael alilala machelani kwa saa nzima akiutazama ukungu, akashukuru kwamba angalau ni mweupe. Lakini usiku nilimsikia hadi kwangu anageuka-geuka kitandani. Ilibaki jioni moja.

Jumapili baada ya ibada akaja Mama Edgar, jirani wa bondeni, kuazima ungo wangu. Alinikuta jikoni kwa Eliwaza.

"Ungo una kazi," nikamwambia. "Nimeweka nyota."

Mama Edgar ananijua. Hakuuliza. Lakini alipogeuka kutoka, macho yake yakapanda darini. Patupu, machela haipo. Akamtazama Eliwaza, aliyekuwa anapuliza moto wa kuni mbichi, machozi yanamtiririka. Akaangalia mlangoni, akaona viatu vya Sifael vya kanisani vimekaa peke yake, na mwenyewe hayupo, maana alikuwa amelala kufidia usiku. Kwetu sisi mtu haulizi mambo hayo. Mtu anafunga kanga kiunoni na kwenda kuwaambia wengine waje na kuni.

Niliuona uso wake ukibadilika. Ningeweza kumwambia. Lakini kuni zetu zilikuwa mbichi kweli, nikaona acha Mungu apange.

Na Mungu akapanga, akapitiliza. Giza lilipoingia, ukungu haukuja. Tukamlaza Sifael, nikaleta ungo nyuma ya nyumba, Beatrice akaweka kibatari kidogo chini ya kapu ili mwanga usitusumbue. Sifael akaiweka darubini machoni, akaanza kutafuta.

Mara nikasikia mtu analia njiani. Halafu wawili. Halafu kona nzima ya mlima. Wanawake na mizigo ya kuni kichwani, wanaume na mikungu ya ndizi, unga, sufuria za kuazima, na mzee mmoja wa kanisa na kitabu cha nyimbo kwapani. Walipokosa mtu mbele, wakaja nyuma, Mama Edgar akiwaongoza. Akaiona machela na mtu juu yake, akaangusha kuni.

"Sifael wetu jamani! Umetuachia nani!"

"Nani amekufa?" Sifael aliuliza, darubini bado ipo machoni.

Watu wakatazamana.

"Wewe," Mama Edgar alisema.

"Aa. Basi ningojeni kidogo, kuna kitu natafuta."

Kuna waliokimbia. Sitawataja, ila mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa, na kitabu cha nyimbo nilikiokota mimi. Wengine wakakaribia, wakamshika mguu, wakahakikisha ni wa moto. Eliwaza akawa anaomba radhi kwa kila mtu na kunitazama mimi kwa jicho ambalo hadi leo sijalipokea. Watoto wa waliombeba walikuwepo, na wajukuu wao, na Yusto, mmoja wa wale wazee wenyewe, anajikongoja kwa fimbo, anasema, "Nimekuja kukubeba mara ya pili, kumbe unaangalia mawingu!"

"Yusto! Asante. Na ya kwanza, asante."

"Umeshanishukuru hiyo kila mavuno, mwanaume wewe, inatosha!"

"Shemeji," Sifael aliniita, "soma maharage."

Nikausogeza ungo kwenye kibatari. Watu wakanizunguka, hawajui tunafanya nini lakini wamenyoosha shingo kama wakati wa kura za zamu ya maji ndivani.

"Mafiga matatu," nikasema.

"Yapo."

"Mawili yaliyokaribiana, kushoto kwake."

"Yapo, hayajatikisika."

"Moja peke yake, chini ya mafiga."

Beatrice akainama. "Babu?"

"Halipo," Sifael alisema taratibu. "Pale shemeji alipoliweka halipo. Limepanda. Kama upana wa punje ya mahindi. Angalia wewe, mimi macho yana maji."

Beatrice akachukua darubini, akaangalia, akaangalia ungo, akaangalia tena. Akamrudishia babu yake, akaweka paji la uso wake juu ya mkono wa mzee.

"Ndiyo?" Eliwaza aliuliza.

"Ndiyo yenyewe, bibi."

Jamani, kelele zilizopigwa! Nimesikia harusi zenye kelele ndogo kuliko hizo. Kila mtu akataka kuangalia. Wakapanga mstari, waliokimbia wakarudi na kujiweka mbele, Mama Edgar akaangalia akasema haoni kitu ila ni kizuri sana. Yusto akasema hiki ni kidogo mno, angekuwa yeye asingepandisha kuni kwa ajili yake. Eliwaza akaangalia wa mwisho. Alikaa sana. Kisha akampa mumewe darubini, akachukua kuni za msiba, akawasha moto wa kuwapikia watu chai, na nilimsikia akiimba.

"Sasa simu," Sifael alisema. "Nipigieni Elirehema. Nataka nimwambie mimi mwenyewe, na safari hii asipige kelele."

Beatrice akapiga. Ikaita, ikaita. Nikaisikia inalia huku mbele ya nyumba, kwenye njia, na pikipiki inazimwa. Mume wa Mama Edgar akaangalia chini. "Nilimpigia mchana," alisema. "Nilimwambia kuna msiba."

Sifael hakusikia, alishaanza kusema kwa furaha, akiwaeleza waliokaa miguuni kwake. "Mnajua, ile siku niliishika nyota, sikujua kwamba kumbe zipo na nyingine ndogo zinatembea. Elirehema akiniuliza ipo, mimi namjibu ipo, lakini hii ingekuwa inasogea, ningemwambia ipo ila—"

Mzee mmoja akatokea pembeni mwa nyumba, vumbi la Kihurio mpaka kwenye nyusi, mfuko wa mchele begani. Hakutazama watu. Aliiona machela, akaja moja kwa moja upande wa kichwani, magoti yakimlia, akatua mchele, akashika ile miti miwili palepale alipoishika usiku ule. Sifael hakuweza kuiona miguu yake. Alishusha darubini, na juu yake, kati yake na nyota, ukainama uso.